Karatasi Niliyoichana kwa Mkono Wangu

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, mvua ilinyesha mjini Mbale tangu alfajiri. Nakuita mwanangu ingawa kichwani sina mvi hata moja. Kosa limenizeesha.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, nikaishi na mama. Nilimtoa kijijini Busiu ili kidonda chake cha mguu kisafishwe kliniki kila baada ya siku mbili. Mkataba ulipokwisha, mwenye nyumba alikubali tuendelee mwaka mmoja kwa kodi ileile. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, tukatia sahihi, jirani yetu Hajati Zaituni akawa shahidi, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Herufi zilipinda, na mahali pawili nilikuwa nimefuta neno kwa kalamu. Mimi kuandika nilijifundisha mwenyewe. Hata leo nikiona kosa langu kwenye karatasi, huona haya. Basi nikaunakili upya mkataba wote, safi, mistari nimeipiga kwa rula. Kisha, ili karatasi zisichanganyike, nikaichana ile ya kwanza.

Nilimpelekea mwenye nyumba nakala yangu nzuri atie sahihi. Kumbe alishapata mtu wa kumlipa zaidi.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Nimeichana, mzee."

Akacheka. "Basi hatuna mkataba, bwana. Mwisho wa mwezi nataka vyumba vyangu."

Nilikimbia kwa mwenyekiti. "Muhuri niligonga," alisema, "lakini maneno ya ndani sikusoma. Sasa nitasema nini?"

Hajati Zaituni aliposikia, alinikemea mbele ya mlango wake. "Karatasi ni bibi harusi, hata uipambe? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!" Akajifunga mtandio. "Haya, karatasi umeichana, mimi hujanichana. Nilisikia kila neno. Twende nikaseme."

Sikwenda, mwanangu. Hapo ndipo palipo kosa lenyewe. Niliona aibu mtaa mzima ujue upumbavu wangu. Nilifunga mizigo kimya kimya, nikamrudisha mama Busiu, mimi nikaja Jinja kutafuta kazi. Kule kijijini kliniki ni mbali, na kidonda hakisubiri nauli. Kabla mahindi hayajavunwa, mama alikatwa mguu. Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama, na kwamba ushahidi wa jirani nao una uzito. Majuto ni mjukuu, na wangu nambeba mgongoni kila siku.

Basi sikia. Ukiandikiana upya na mwenye nyumba, andikeni nakala mbili, zote zitiwe sahihi siku hiyo hiyo, na moja ubaki nayo. Ipige picha kwa simu. Ikiwa na doa, iache na doa lake. Akikufukuza kwa mdomo, usihame kwa mdomo. Uliza amri iko wapi. Na shahidi akisema twende, nenda, kwa maana aibu ni ya siku chache tu.

Mungu akupe paa lisilo na vitisho, akupe jirani mwenye ulimi wa kweli, na wazazi wako wazeeke wakitembea.