Vikombe Sita na Njia Panda

Maumivu yaliingia bila hodi kwenye bega la kulia la askari wa njia panda. Mkono ukawa unapanda mpaka usawa wa kifungo cha pili cha shati, basi. Akabaki kusimamisha magari kwa kushoto, kwa hiyo waliotoka sokoni walikaa foleni mpaka wakafahamiana, na wa upande wa benki wakapita siku nzima kama maharusi. Madereva wakambandika jina: Afande Upande.

Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni Ijumaa. Mkubwa mpya angepita kukagua, na asiyeweza kupiga saluti angepelekwa stoo kulinda baiskeli zilizookotwa. Miaka kumi na saba amesimama pale. Aliipenda njia panda yake, na moshi wake wote.

Hospitali walimpa vidonge na karatasi ya mazoezi. Vidonge alimeza, karatasi aliikunja mfukoni, ikakaa. Ijumaa asubuhi, maji yamemfika shingoni, akapanda ngazi kwa Mama Vikombe, anayetibu maumivu kwa vikombe vya kufyonza ngozi, juu ya duka la vitabu hapo hapo njia panda.

"Vikombe vinalegeza tu, mwanangu," mama alisema, akibandika cha sita na kukifyonza hewa kwa pampu. "Mazoezi unafanya?"

"Nafanya, mama," alidanganya, macho makavu.

Mara honi zikalipuka chini. Dirishani akaona lori la mchanga na basi la shule pua kwa pua.

"Njia panda yangu!"

"Vikombe vyangu!" mama alilia, lakini askari alishafika barabarani, kofia kichwani, kifua wazi, vikombe sita mgongoni.

Kwa mazoea, mkono wa kulia ukainuka wenyewe. Ukapita sikio, ukanyooka. Machozi yakamtoka, ya uchungu na ya furaha pamoja. Kikombe kimoja kikaachia, kikabingirika hadi kwenye gari jeusi. Honi zote kimya.

Mkubwa akashuka, akakiokota.

"Hiyo ni saluti au ni simama?"

"Hata sijui, mkubwa. Haushuki."

Mkubwa akamzunguka, akavitazama vilivyobaki. "Huyu abaki hapa hapa. Sijawahi kusikia mji huu umenyamaza."

Mama Vikombe akafika na shati, akachomoa karatasi mfukoni, mpya kabisa, akamkata jicho, kisha akasoma kwa sauti: "Zoezi la kwanza. Inua mkono, ushushe taratibu ukihesabu hadi kumi."

Madereva wa soko na wa benki wakatoa vichwa madirishani, wakamhesabia.