Kitambaa cha Evarista

Mwaka 1988 ofisi yetu ya mradi wa mbegu hapa Karatu ililetewa kompyuta, na Evarista, mpiga taipu wetu, ndiye aliyekabidhiwa. Bosi, Mzee Josephati, alisema wazi: "Tunaijaribu mwezi mmoja. Ikisumbua inarudi Arusha, na wewe dada unarudi kwenye taipureta yako." Evarista hakutaka kabisa kurudi. Aliipenda mashine ile kupita kiasi, na mimi Mwanamisi wa masijala nilimcheka kila siku.

Hata mimi alinifundisha. "Hiki kioo kinaonyesha tu, hakijui lolote. Kibodi ni ya kuandikia. Kazi yote iko kwenye hili kasha. Ndani mna ubongo unaopiga hesabu, na kumbukumbu, lakini umeme ukikatika kumbukumbu hiyo inasahau yote. Ndiyo maana naweka kazi yangu kwenye disketi."

Sasa vumbi la Karatu mnalijua, linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Evarista akafanya kama tunavyoifanyia redio nyumbani: alifuma kitambaa cheupe, wiki tatu nzima, akalivika kasha lote, mbele na nyuma. Lilipendeza, nakiri.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mwezi, Mzee Josephati alikuja na wageni. Evarista akafungua orodha ya vijiji, akaanza kuongeza vipya. Hajamaliza kuandika cha kwanza, Malambo, kioo kikawa cheusi.

"Kioo kimekufa," alisema bosi. "Fungeni mzigo."

Evarista alilisogelea kasha. Akainama. "Kioo ni kizima, mzee, taa yake inawaka. Kasha ndilo limenyamaza." Akapeleka mkono nyuma ya kasha, akauondoa upesi. Moto! Huko nyuma ndiko kuna feni ya kupoza, na kitambaa kilikuwa kimeiziba. Angeweza kusingizia jenereta yetu ya umeme, na sote tungeamini.

"Kosa ni langu," alisema, akakivua mbele ya wageni.

Tulikunywa chai, kasha likapoa. Akaliwasha, akaingiza disketi, na orodha ikarudi, ila Malambo tu. Akaiandika upya.

"Inabaki," alisema Mzee Josephati. "Na wewe ubaki nayo."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Asubuhi yake nikakuta kasha limevikwa kitambaa kile kile. Nyuma alikuwa amekata tundu la ukubwa wa feni, akalipinda ukingo kwa uzi mwekundu.