Mtandao Usio na Mwenyewe

Watu wa mtaa walimwita Waya, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Tangu utotoni, wenzake wakikimbizana nje, yeye alikuwa amekaa miguuni pa baba yake, fundi wa redio, akichambua nyaya na kuuliza hii inatoka wapi na ile inakwenda wapi. Alipokua akapata kazi katika kampuni iliyokuwa na chumba kimoja kikubwa cha seva, chumba cha baridi ambacho mtu huingia na sweta hata kama nje jua linapasua mawe. Habari zote za soko la mtaani kwao zilikaa humo: kibanda kipi ni cha nani, nani ameagiza nini, mzigo uko wapi. Mfanyabiashara alifungua programu kwenye simu yake, mambo yote hayo hapo.

Mchana mmoja bomba likapasuka juu ya dari ya chumba kile. Waya ndiye aliyekuwa zamuni. Alizima alichowahi kuzima, kisha akabaki amesimama na ndoo mkononi, maji yakiimwagikia mitambo kama yametumwa. Soko zima likafutika. Wakubwa wake wakaagiza kila mtu afunge mdomo, wakatangaza kwamba kuna matengenezo madogo. Matengenezo hayo hayajaisha hadi leo. Jioni ile muuza vitambaa, jirani yake wa siku nyingi, alimsimulia huku machozi yakimtoka jinsi oda zake zote zilivyoyeyuka, naye Waya alimsikiliza viatu vyake vikiwa bado vimelowa. Hakurudi kazini.

Waya alikuwa mjane. Katika nyumba aliyoiacha marehemu mumewe waliishi wawili, yeye na mama mkwe wake, wakibishana kama mawifi na kulindana kama mama na mwana. Jikoni mwa nyumba hiyo ndimo alimokaa na rafiki yake wa zamani, mwandishi wa programu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha kompyuta shuleni, wakaanza kujenga kitu kingine.

Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza. Hapatakuwa na chumba kikuu. Kila duka na kila nyumba itakayotaka itakaa na kisanduku kidogo, nusu ya ukubwa wa tofali, na kila kisanduku kitakuwa na nakala ya mambo ya wote. Kimoja kikiungua, vingine vinakumbuka. Hapatakuwa na bosi wa kupigiwa simu, wala mlango mmoja ambao mtu akiufunga, wote mmelala nje. Na visanduku vikipingana? Hapo Mwalimu aliweka kanuni aliyoipenda kuliko zote: linalosemwa na visanduku vilivyo vingi ndilo la kweli. Kinachosema peke yake kihesabiwe kimeharibika, na wenzake wakirekebishe.

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Akainua kichwa.

"Wengi wape, sawa," alisema. "Sasa hao wengi wakilewa?"

Mwalimu akacheka, akamwambia visanduku havinywi, mama.

Visanduku vya kwanza Waya aliviunda kwa mikono yake, vifuniko vyake vimefungwa kwa waya kwa kuwa skrubu zilikuwa hazikai. Akavipanga kwenye rafu juu ya sahani. Mama mkwe akavitandikia kitambaa cha mezani, maana mgeni hakai juu ya ubao mtupu. Waya alikitoa kitambaa kwa sababu ya joto. Kesho yake akakikuta kimerudi.

Muuza vitambaa alikuwa wa kwanza kuchukua kisanduku. Fundi viatu akafuata, akakiweka kwenye kabati la ngozi, akidai ndiye mfanyakazi pekee asiyemwomba ruhusa. Likaja duka la dawa, wakaja wauza vyombo, hatimaye soko lote. Ofisi ya mtaa nayo ikaona heri isipitwe, ikaingiza humo mambo ya nyumba: mwenye nyumba ni nani, nani ana mita ya maji. Siku umeme ulipokatika upande mzima wa soko, upande wa pili uliendelea na kazi kama kawaida, na umeme uliporudi visanduku vikaambiana yaliyopita. Waya alipopita asubuhi, watu walimwita vibandani wampe soda. Kwa mara ya kwanza tangu ile ndoo, alilala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Kasoro ya mtandao huo ilikuwa uvivu. Muuza vyombo alisema ukikiuliza kisanduku jambo asubuhi, kinakujibu unafunga duka. Waya alijua dawa yake ni visanduku vyenye nguvu zaidi, na alijua vilevile kwamba yeye hana uwezo wa kuviunda.

Ndipo akaja mtu waliyemwita Mpole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alipanga chumba juu ya duka la dawa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, alimpisha kila mtu njiani, na alikuja na visanduku vyeusi, vyembamba, visivyo na skrubu hata moja inayoonekana. Alivigawa bure. Ulimpa cha zamani, akakupa kipya, akakichomeka mwenyewe, akakufutia vumbi la rafu. Mtandao ukaanza kukimbia.

Waya alirudi nyumbani na habari hizo, moyo umegawanyika. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtu anayegawa bila kuombwa ama anataka kuoa, ama anagombea uongozi, na huyo hajamsikia akitaja mchumba. Mwalimu hakuona tatizo. Alimkumbusha Waya maneno yake mwenyewe: mtandao uko wazi, anayetaka kuleta kisanduku alete. Tukianza kuchagua nani aingie na nani asiingie, alisema, tumekuwa wale wakubwa wa chumba cha baridi.

Jambo la kwanza kumtia hofu lilikuwa taa. Visanduku vyake vya zamani vilikuwa na kitaa cha kijani, na kila kimoja kilipepesa kwa wakati wake, kama watu wanaopiga soga. Mchana huo alikuwa kwa muuza vitambaa, akingoja apimiwe shiti, macho yake yakaangukia kisanduku cheusi kwenye rafu. Kilifumba, kikafumbua. Kupitia mlangoni aliona kile cha duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Kilifumba, kikafumbua. Akasogea akachungulia kwa fundi viatu, kisha kwa wauza vyombo, safu nzima hadi mwisho wa soko. Vyote vilifumba na kufumbua kwa pigo moja. Alirudi kwa muuza vitambaa amesahau kilichomleta. Muuza vitambaa alimwuliza kama anaumwa, akamjibu ni jua.

Alichukua kimoja kutoka kwa Mpole kama wateja wengine, akakipeleka jikoni, akakikata kwa msumeno. Mama mkwe aliziba masikio, akamwuliza kama anachinja. Waya alikiunganisha na kompyuta yake, akakaa nacho kutwa. Alichokigundua kilikuwa kifupi. Kisanduku kile kilikuwa hakihifadhi nakala ya chochote. Kila kilipoulizwa jambo, kilipeleka swali mahali fulani mbali, kikangoja kuambiwa cha kusema, kisha kikasema.

Akaenda kwa Mpole. Chumba chake kilikuwa na meza, kiti kimoja na dirisha linaloangalia soko. Hapakuwa na kitanda. Mpole alimpa kiti, yeye akasimama dirishani.

"Visanduku vyako havikumbuki kitu," Waya alimwambia. "Vinaambiwa."

"Watu hawajalalamika, dada."

"Vinaambiwa na nani?"

Mpole alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kweli kusaidia. "Mimi nimetumwa kuvipanga tu. Aliyenituma sijawahi kumwona, na sidhani aliyemtuma yeye naye amewahi." Kisha akatabasamu. "Lakini ninyi wenyewe mlisema mtandao huu hauna mwenyewe. Sasa mbona unamtafuta?"

Waya alishuka ngazi. Alimweleza Mwalimu yote. Safari hii Mwalimu hakubisha. Akafungua kompyuta yake, akahesabu kisanduku kimoja kimoja. Visanduku vyao vya zamani vilikuwa vimebaki vichache mno. Basi, alisema, tubadilishe kanuni, wengi wasiwe ndio kweli peke yao. Aliandika badiliko hilo pale pale na kulituma. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa haibadilishwi mpaka visanduku vingi vikubali, hivyo ndivyo alivyoiandika ili asije mtu mmoja akaichezea. Jibu lilirudi kabla hajaondoa kidole. Limekataliwa. Chai yake ilipoa mbele yake, asiiguse.

Haukupita muda. Asubuhi moja muuza vitambaa alifika kwenye kibanda chake akakuta kuna kijana mwanamke amekwisha kupanga ndala. Hakuwa mkorofi. Alionyesha simu yake: kibanda ni chake. Mlinzi wa soko akafungua ya kwake, akaona vivyo hivyo. Muuza vitambaa akafungua simu yake mwenyewe, nayo ikamwambia kibanda kile hakijawahi kuwa chake. Hapakuandikwa kwamba amenyang'anywa wala kwamba kimeuzwa. Jina lake lilikuwa halimo kabisa, tangu mwanzo.

Waya alifika akamkuta amesimama katikati ya njia na jora la kitambaa begani. Aliwageukia wauza vyombo, waliokaa ubavuni mwa mama huyu miaka nenda miaka rudi, akawaomba waseme wanachokijua. Mmoja wao alimtazama jirani yake, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Tulikuwa naye," alisema polepole. "Ila sasa... sijui kama kilikuwa kibanda hiki hasa. Labda kilikuwa kile cha kule?"

Hilo ndilo lililomvunja Waya nguvu. Mtu yule alikuwa hadanganyi. Alikuwa anajitahidi kukumbuka, na anashindwa.

Siku zilizofuata alizunguka duka kwa duka, akiwabembeleza watu wavichomoe vile vyeusi na kuvirudisha vya zamani, ambavyo Mwalimu alikuwa ameviokota kimoja kimoja kutoka jalalani alikovitupa Mpole. Fundi viatu alikubali hata kabla hajamaliza kuelezwa. Wengine walisema watafikiria. Mwenye duka la dawa, mtu msomi na mwenye heshima zake, alimvuta nyuma ya kaunta, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Waya, changu mimi hakijanikosea. Nikikichomoa leo, kesho nitaambiwa duka hili la nani?"

Akamrudishia kisanduku chake cha zamani, amekifunga kwenye gazeti kama dawa ya aibu.

Waliokubali walikuwa nyumba chache. Waya na Mwalimu waliviunganisha visanduku vyao peke yao, mtandao mdogo kando ya ule mkubwa, na humo yote yamo: kibanda cha muuza vitambaa, nyumba, mita za maji, nani alikuwa nani. Lakini hakuna anayekwenda kuuliza huko. Ukiwa kwenye mtandao mkubwa, visanduku hivyo vinaonyeshwa kwamba ni vibovu.

Muuza vitambaa siku hizi anauzia kwenye ubao nje ya nyumba ya Waya. Wateja wake wa zamani wachache wanamfuata. Wengine wanapita, wanamsalimia kwa adabu wanayomsalimia mgeni, na yeye anaitikia. Kuna siku alimwambia Waya kwamba huwa anajiuliza, akiwa peke yake, kama kweli aliwahi kukaa kule. Waya alimshika mkono akamwambia alikaa. Alimwambia mara mbili. Baadaye alikwenda kutazama kisanduku chake jikoni ili ahakikishe, na akajichukia kwa kwenda kutazama.

Mpole aliondoka bila kuaga. Waya alipanda tena kile chumba, akakuta mlango uko wazi, meza na kiti vipo, sakafu imefagiwa. Akasimama pale dirishani. Chini yake soko lilikuwa limechangamka, watu wakipatana na kucheka, na nyuma ya kila mmoja wao kitaa cha kijani kikifumba na kufumbua. Hapakuwa tena na mtu hata wa kumlalamikia.

Juma lililopita, saa za asubuhi, hodi ilipigwa. Mlangoni alisimama kijana nadhifu, amebeba begi la kazi, simu mkononi. Aliwaamkia vizuri, akamwuliza mama mkwe hali yake, kisha akasema anamtafuta mwenye nyumba.

"Ni mimi," Waya alisema.

Kijana aliangalia namba iliyopakwa ukutani, akaiangalia simu. Akaomba samahani kwa usumbufu, kwa kuwa jina alilonalo ni jingine. Waya alimwuliza ni jina gani. Alilitaja. Hakuna aliyewahi kulisikia mtaani pale.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "nyumba hii tofali zake nimezibeba kichwani."

Kijana aliinamisha kichwa kwa heshima. Alisema hana shaka na maneno ya mama, ila yeye amepewa kazi ya kuhakiki tu, basi atarudi siku nyingine. Akaenda zake, akisimama kila baada ya milango michache kuangalia namba.

Waya alikwenda jikoni akamwita Mwalimu kwenye simu. Mama mkwe alikikokota kiti chake hadi mlangoni, akaketi katikati kabisa, na hapo ndipo anaposhinda tangu siku hiyo. Mtu akitaka kuingia, hata jirani, humwuliza kwanza kama anamjua yeye ni nani.