Kompyuta ya Marehemu

Juzi, kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta hapa Likasi, mjane mmoja aliweka mezani kompyuta ya marehemu mumewe. Neno la siri mzee alikwenda nalo kaburini.

"Miye nataka tu mafoto ya ndoa ya mutoto wetu," mama akasema.

Fundi akachomoa diski, akaiunga kwenye mashine yake, na mafaili yote yakatokea bila kuombwa ruhusa.

"Mama, kuko mambo mingi humu ndani. Nifungue yote?"

Mama akageuza kiti, akaipa skrini mgongo.

"Wakati alikuwa muzima nilikuwa napekua mifuko yake kila siku. Sasa apumzike."

Sisi wa kwenye foleni, tuliokuwa tumenyoosha shingo, tukazirudisha moja moja. Yangu ilirudi mwisho.