Mzee Aliyekataa Kuitikia Shikamoo

Mimi sina muda wa kutunga hadithi, nina mtoto wa miezi minane. Haya yalinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa napeleka chakula kwenye karakana ya vyuma kandokando ya ziwa, upande wa Pasiansi. Ndani kuna kreni inayotembea kwenye reli karibu na paa, inabeba mabamba ya chuma. Njia salama inazunguka nyuma. Sisi sote tulikuwa tunakatiza chini ya mzigo, nani angezunguka?

Siku hiyo mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Kwenye kijia hicho cha mkato, cha kupita mtu mmoja tu, amekaa mzee juu ya ndoo, kofia ngumu ya njano kichwani.

"Shikamoo baba."

Kimya. Ananitazama tu.

Sasa mimi nimelelewa. Mtu mzima humpiti kabla hajaitikia. Nikarudia. Kimya. Niamini, hasira zilinipanda: shingo inauma, mtoto analia, na huyu babu anajifanya bubu.

"Mzee, shikamoo. Kama hutaki salamu za mama ntilie, sema nipite."

Hapo mkanda wa kreni unaoshikilia mzigo ukakatika. Bamba likatua hatua nne mbele yangu, sakafu ikatikisika, sufuria ikaniponyoka. Nyuma ya vumbi nikasikia, taratibu kabisa, "Marahaba, mwanangu." Vumbi likatulia. Ndoo ipo, mtu hayupo.

Bamba lilimvunja mguu Masanja, kijana aliyekuwa akiliongoza kwa mkono. Nilimpelekea uji hospitalini nikamsimulia. Akasema, "Wa kofia ya njano? Hata mimi nilimwamkia asubuhi, dada. Hakuitikia. Nikasema huyu ana maringo, nikapita zangu."

Mafundi wa zamani wa karakana wakaniambia: huyo alikuwa mfunga mizigo ya kreni, aliuawa na mzigo palepale, kabla sisi hatujafika. Na ule mkanda ulishachanika kabla ya siku ile, ukafungwa fundo tu, kazi ikaendelea. Yaani marehemu aliliona fundo, msimamizi wa karakana mwenye macho mawili hakuliona? Nilimuuliza usoni. Akanifukuza, na sijarudi.

Jina la mzee nimelipata. Namtaja kwenye rozari kila jioni, na mwanangu ameanza kusimama kwa kushikilia kiti. Asante, baba.

Na wewe unayekatiza chini ya mzigo unaoning'inia, zunguka. Usingoje uzuiwe. Masanja alizuiwa, akapita.