Mstari Niliopayuka Juu ya Dungu

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu. Mpunga wa kijijini kwetu Hewani ulikuwa umeanza kutia maziwa, na ndege walikuwa wengi hata jua likiomba njia kabla ya kutuchoma. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniwekea simu sikioni ukaniuliza kama wimbo ule si mkali. Mdundo ni mkali, nakubali. Goti langu bovu lilicheza kabla sijaliruhusu. Lakini nilisikia pia wanavyomwita mwanamke humo ndani, nikakumbuka mahali nilipoangukia mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hip hop ilikuwa imenipanda kichwani kama homa ya mbu. Redio yangu ya kaseti niliifunga kwa mpira wa baiskeli isisambaratike. Usicheke. Sisi watu wa mtoni mafuriko yakija tunatajwa, yakiondoka tunasahauliwa. Ghafla nikasikia vijana wasio na kitu wakiongea kama watu wenye haki ya kusikilizwa. Nilidhani wanasema na mimi peke yangu. Kuandika nilikuwa sijui vizuri, maana cheti cha ngumbaru nilikipata nina mvi, kwa hiyo mistari yangu yote ilikaa kichwani, elfu moja hivi, ukitoa niliyosahau.

Msimu ule kazi yangu ilikuwa kuamia ndege katika shamba la mama. Mguu ulikuwa umemvimba, hawezi kutoka nje, na chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa pale. Wewe umekulia Garsen mjini, huenda hujui kazi hiyo inavyokwenda. Kila shamba lina dungu lake, yaani jukwaa la miti, na mashamba yamefuatana kando ya mto. Wa kwanza akipiga kelele na kurusha madongoa kwa kombeo, ndege huruka kwa jirani. Jirani huwapokea kwa kelele zake, akawasukuma mbele, hivyo hivyo mpaka wavuke mto waende msituni. Hakuna afukuzaye ndege peke yake. Madungu mengine yote yalikuwa ya wanawake, nami nilikuwa katikati.

Nikajiambia, kelele ni kelele, kwa nini nisipige zenye vina? Nikaanza kughani. Wanawake wakafurahi, wakawa wananiitikia huku na huku. Sifa, mwanangu, hulevya hata asiyekunywa. Mistari yangu ikaisha, nikatunga mwingine papo hapo kwa kuiga majigambo niliyoyazoea kwenye kaseti, nikaupayuka kwa sauti iliyofika Kipini, mto unakoingia baharini: demu ni kiatu, kikikuchosha tupa.

Nisikudanganye kwamba sikujua. Moyo ulinisuta hata kabla mdomo haujafunguka. Ila vina vilikaa vizuri, nami nilitaka kuonekana.

Hakuna aliyeitikia. Baada ya kitambo nikaona ndege wanakuja kutoka mashamba ya juu ya mto, na wengine kutoka ya chini. Wanawake wale waliendelea na kazi yao, ila sasa kila mmoja aliwasukuma kwangu, na niliowarusha mimi walirudishwa hapo hapo. Ndege wote kuanzia Kinakomba huko juu hadi baharini wakaketi juu ya mpunga wa mama yangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikawa ya chura. Masuke yakaendelea kuinama.

Na si hilo lililonivunja. Kwenye dungu la jirani alikuwa Shangazi Damaris, dada wa baba yangu, pamoja na Habona, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka mitano. Habona alikuwa ameupenda mstari wangu. Kila alipookota dongo alijipiga kifuani, akaimba kwa furaha, "Mimi kiatu, tupa!" Kisha akalirusha.

Nikateremka, nikaenda kusimama chini ya dungu la shangazi. Hakunikaripia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua.

"Useme tena ule mstari, mwana wa kaka," akaniambia. "Lakini mahali pa demu, weka jina langu."

Nikatikisa kichwa.

"Basi weka la mama yako. Naye hutaki? Haya, weka la huyu hapa, anakusaidia kuimba."

Nikasema nimekosa, na tangu leo hip hop nimeiacha, redio naitupa mtoni.

"Nani amekwambia uache?" akasema shangazi. "Mdundo hata miguu yangu inausikia. Mpunga na magugu yake hufanana yakiwa machanga. Mkulima hung'oa. Mvivu ndiye achomaye shamba. Panda juu ukang'oe."

Nikapanda. Kwa sauti ile ya chura nikaghani mstari wenye majina: Shangazi Damaris, jirani baada ya jirani, na mwisho mama, aliyelala na mguu wake nyumbani. Shangazi akapokea. Wa pili akapokea. Wingu la ndege likainuka, likasukumwa shamba hadi shamba, likavuka mto. Karibu robo ya mpunga wetu ilikuwa imeshaliwa.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Habona hakuusahau upesi. Mstari niliouropoka mara moja niliufukuza kwa kumwimbia mwingine mpaka siku ya mavuno.

Tangu hapo sijaiacha hip hop, wala sijanyamaza. Kwenye harusi za kijiji cha Ngao huwa naenda kumwomba mpiga muziki aruke nyimbo fulani. Wananicheka, wananiita mzee wa kanisa. Wacheke, kesho nitakwenda tena.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Penda mdundo wako kwa moyo wote, maana umewapa sauti wengi waliokuwa kimya. Lakini kabla hujaimba mstari juu ya mwanamke, uweke jina la yule aliyekubeba mgongoni, kisha umtazame usoni uone kama utaweza. Ukishindwa, ung'oe, hata kama vina vinameremeta, hata kama wenzako wote wanauimba. Nawe usichoke kung'oa, kwani magugu hayachoki kuota.

Mungu akupe koo lisilokauka, na kila utakapopaza sauti, akupe wa kukuitikia kutoka pande zote mbili za shamba.