Kaka Delfin Anasemaje?

Habari zote za redio yetu alikuwa anazitafuta Erlinda Sumagaysay. Alizifuata mwenyewe sokoni, polisi, kwa meya, akarudi na viatu vimejaa tope. Lakini akikaa hewani, utadhani habari kaziazima. Kila akimaliza jambo humgeukia mtangazaji mwenzake: "Au siyo, Kaka Delfin?" Naye Delfin, aliyeshinda na kikombe cha kahawa, hukohoa na kujibu, "Ndiyo hivyo." Hapo ndipo mji unaamini.

Mimi fundi mitambo, nyuma ya kioo, jambo hilo lilinikera mpaka basi. Siku moja nikamuuliza anaomba ruhusa ya nini. Akasema alipoanza kazi, mkuu wa kituo alimwambia sauti ya mwanamke ni ya salamu na nyimbo. Habari nzito zinataka mwanamume wa kuzishikilia. Nikamwambia huyo bosi alishastaafu zamani. Alicheka, lakini si kwa furaha.

Siku ya kimbunga Delfin hakuja. Erlinda aliingia ametoka darajani, kalowa chapachapa: maji ya mto Jalaur yalishagusa mbao za daraja. Akawatangazia watu wa ukingoni wahame mara moja, waende shuleni kilimani. Kisha kwa mazoea akakigeukia kiti kitupu. "Au siyo..."

Simu zikaanza kuita, swali likawa lilelile: Kaka Delfin anasemaje? Niliogopa, nisikufiche. Watu walikuwa wanakwenda kufa maji huku wakimsubiri mwanamume akohoe.

Mara akapiga simu Perla, mke wa Delfin, ambao nyumba yao iko hapo hapo mtoni. Nikamuunganisha hewani, mji mzima ukamsikia.

"Dada Erlinda, huyu mume wangu kajilaza, anasema ni mvua tu. Nifanyeje na watoto?"

Erlinda akavuta maikrofoni karibu.

"Delfin, najua unanisikia. Mimi nimetoka darajani, wewe hata kitandani hujatoka. Mbebe mama yako, mwondoke. Na nyie mnaosubiri kauli yake, mchungulieni mlangoni."

Wakachungulia. Wakamwona Delfin katoka na mama yake mgongoni, Perla nyuma na watoto na sufuria ya wali. Mtaa wote ukafuata. Kufika jioni maji yalikuwa yamefunika mapaa, na kule shuleni hakukosekana mtu.

Mimi iliniuma kidogo kwamba hata siku hiyo walihama kwa kuwa mwanamume alitangulia. Nilimwambia Erlinda. Akasema, "Waache, bwana. Wamefika."

Delfin aliporudi kazini, alisoma habari kwamba daraja limefunguliwa kwa magari. Akasita, akamgeukia mwenzake. "Au siyo, Dada Erlinda?"

Nilidhani anamtania, ila uso wake haukuwa wa utani. Erlinda akavuta maikrofoni yake.

"Siyo, Delfin," alisema. "Bado limefungwa. Nimepita pale asubuhi."